Reale ya Sham kwenye Kopo la Biskuti

Kopo lilikuwa la bati, la biskuti za zamani, na limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Marehemu baba aliliweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku, na sisi watoto wake sita hatukujua lina nini mpaka arobaini ilipopita tukaanza kuandika vitu vyake kwa ajili ya mirathi. Nilipolifungua zilimwagika sarafu 41 juu ya mkeka. Nyingine nilizijua tangu utoto. Mbili sikuwahi kuziona.

Nilizipiga picha nikamtumia kaka yangu Dar es Salaam. Hazikupita dakika tano simu ikalia.

"Dada, tarehe umeiona? Elfu moja mia saba na themanini! Usimwonyeshe mtu. Hiyo ni nyumba hiyo."

Nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari hapa Tanga kwa miaka 31. Kitu kimoja nilichojifunza huko ni kwamba lebo ya chupa huandikwa na mtu, na mtu huchoka, au huishiwa na lebo akabandika aliyonayo. Tarehe juu ya sarafu nayo ni lebo. Basi nikamwambia kaka asiuze kitu kwanza, asikope kitu kwanza, anipe wiki mbili.

Nilianza kwa kutenga zinazojulikana. Senti kumi za tundu zilikuwa nyingi kuliko zote. Zikafuata shilingi za simba, zile za Mwingereza za miaka ya 1920, simba amesimama mbele ya milima. Watu huzidhania fedha tupu kumbe fedha ndani yake ni robo tu. Mpwa wangu, kwa nia njema, alikwishazisugua mbili kwa dawa ya meno kabla sijamzuia. Zikang'aa kama sufuria mpya, na kwa mnunuzi anayejua zimeharibika. Anayerithi sarafu asizisugue, asizipake limau wala majivu. Azifunge kwenye karatasi kavu, basi.

Kulikuwa na rupia mbili za Mjerumani, Kaisari Wilhelm na helmeti yenye ndege juu yake, na upande wa pili simba na mti mfano wa mnazi. Rupia moja ya Malkia Victoria wa India. Vishaba vidogo vya Mjerumani vilivyoitwa heller, ambavyo ndivyo vilivyotuachia neno hela. Na vishaba vinene vyenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, mwaka 1299 wa Hijria: pesa za Sayyid Barghash wa Zanzibar. Neno pesa lenyewe ni ile paisa ya Kihindi. Nilikaa pale mkekani nikaona nusu ya maneno tunayotumia sokoni kila siku yamo ndani ya kopo moja, na hata fedha tunayoiandika kwenye jina la wizara ni haya haya madini meupe.

Zikabaki zile mbili.

Zilikuwa kubwa. Nilizipima kwa vernia: upana milimita 40 hivi, unene milimita 2 na nusu. Upande mmoja yupo mwanamke mtu mzima, mnene, kidevu cha pili kimeonekana, kifua kimejaa, kitambaa cha mjane kimeshuka nyuma ya kichwa. Begani ana bizimu ya duara, na ukitazama kwa lenzi bizimu imezungukwa na lulu. Nilizihesabu mara tatu: tisa. Chini yake herufi mbili, S.F. Upande wa pili yupo tai mwenye vichwa viwili, ngao kifuani. Hakuna mahali palipoandikwa thamani. Hakuna neno shilingi, rupia, riali wala dola. Sarafu za kuhifadhia fedha zinazouzwa siku hizi huandikwa 999 na uzito wake. Hii haisemi uzito wala usafi. Niligeuza na kugeuza nikitafuta namba, nikapata moja tu, 1780, na baada yake alama ya X.

Maandishi yanayoizunguka ni ya Kilatini kilichokatwa katwa: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Nilidhani HU. BO. ni jina la mtu. Kumbe ni Hungaria na Bohemia. Yote pamoja husema: Maria Theresia, kwa neema ya Mungu, malkia mkuu wa dola ya Kirumi, malkia wa Hungaria na Bohemia. Upande wa tai yanaendelea: mtawala wa Austria, wa Burgundia, wa Tyrol. Ile X si namba kumi. Ni alama ya kipimo cha sarafu kilichoanza mwaka 1750. Na S.F. ni herufi za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, mji ulio Bavaria leo: Schöbl na Faby.

Ukingoni, pale ambapo watu wengi hawatazami, pana maandishi yaliyoinuka, yamechanganywa na mapambo ya majani: IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Mapambo yale yana kazi. Sarafu inayopokewa kwa uzito wa madini yake hutamanisha mkasi. Mjanja hukwangua kidogo ukingoni, akapitisha sarafu, akabaki na unga wa fedha. Herufi zilizoinuka zikikatwa huonekana hapo hapo.

Nilikwenda kwa sonara mmoja Ngamiani, mzee, na sikumwambia chochote. Alichukua moja, hakuitazama usoni hata kidogo, akaiweka kwenye mizani.

"Ishirini na nane kasoro. Mama, hii reale. Nanunua kwa gramu."

"Na hiyo tarehe, mzee wangu?"

"Tarehe mama haina gramu."

Nilicheka, nikaichukua nikaondoka. Ila alikuwa ameniambia nusu ya habari, kwa sababu tarehe ile kweli haina uzito.

Maria Theresia alifariki Novemba 1780. Wakati huo sarafu zake zilikuwa zimekwishashika soko la mashariki ya Bahari ya Kati na Bahari ya Shamu, ambako wafanyabiashara wa Ulaya walizipeleka kununua kahawa ya Yemen. Mwanawe alipotaka kuweka sura yake, wauzaji wa huko hawakuitaka. Walimjua mama yule mnene, walijua lulu zake, walijua fedha yake haipungui. Basi kiwanda kikaendelea kupiga sarafu ya marehemu, kwa tarehe ile ile ya mwaka aliokufa, na herufi za Schöbl na Faby zikaendelea kupigwa hata baada ya wao wenyewe kuondoka duniani. Aliyekuwa na fedha ghafi aliipeleka kiwandani, akarudishiwa reale. Ndani ya Austria yenyewe ilikoma kuwa fedha halali mwaka 1858. Nje ya Austria hakuna aliyejali.

Uzito wake umekokotolewa vizuri sana. Mwaka 1753 Austria na Bavaria zilipatana kwamba kipimo kimoja cha Cologne cha fedha safi, karibu gramu 234, kitoe sarafu kumi. Kwa hiyo kila moja ina gramu 23.39 za fedha safi. Huongezwa shaba ili isilike upesi, ikafika gramu 28.07. Ukitaka kukumbuka kwa urahisi: sehemu sita za reale, tano ni fedha, moja ni shaba.

Nani alizipiga hizi zangu, na lini? Hapa ndipo ndoto ya kaka ilipoanza kuyeyuka. Orodha ya viwanda ni ndefu. Baada ya Günzburg kuna Vienna, Prague, Milano, Venisi. Waingereza walipojiandaa kumwendea Mfalme Tewodros wa Ethiopia mwaka 1867, iliwabidi waagize reale Vienna, maana huko walikokwenda pauni haikununua hata punda. Mwaka 1918 Italia ilitengeneza ya kwake kwa ajili ya Eritrea, mwanamke mwingine anayefanana naye, watu wakaikataa. Mwaka 1935, Mussolini akiwa anajiandaa kuivamia Ethiopia, aliomba na kupewa na Austria haki ya kuipiga Roma. Wafanyabiashara wa mataifa mengine wakajikuta wamefungiwa mlango, na muda si mrefu London ikaanza kuipiga ya kwake, Paris vivyo hivyo, Brussels nayo. Wakati wa Vita vya Pili ikapigwa Bombay, kisha Birmingham. Vienna inaipiga mpaka leo. Inakadiriwa zimepigwa zaidi ya milioni 300, karibu zote zimeandikwa 1780.

Wakusanyaji hubainisha kiwanda kwa vitu vidogo: manyoya ya mkia wa tai, nukta baada ya tarehe, umbo la bizimu, ukubwa wa herufi S.F. Nilitumia jioni mbili na lenzi ya hadubini nikijaribu, macho yakaniuma. Zilizopigwa kweli Günzburg miaka ile ya mwanzo zina bei yake, lakini ni chache, na kuzithibitisha kunahitaji mtu aliyezishika mamia. Zangu zimelika puani na shavuni, alama ya mkono wa watu wengi. Sikuweza kuzipa mji.

Nilichoweza ni kujua kama ni fedha.

Mizani ya kusoma mpaka sehemu ya mia ya gramu niliazima shuleni kwangu, kwa vijana niliowafundisha kazi. Jaribio hili mtu yeyote mwenye mizani ya namna hiyo anaweza kulifanya jikoni. Unapima sarafu ikiwa kavu. Kisha unaweka bilauri ya maji juu ya mizani, unairudisha mizani kwenye sifuri. Unaifunga sarafu kwa uzi mwembamba, unaizamisha majini ikining'inia, isiguse chini wala ubavuni. Mizani itaonyesha namba ndogo, nayo ni uzito wa maji yaliyosukumwa, sawa na ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Fedha tupu hutoa 10.5. Shaba karibu 9. Risasi zaidi ya 11. Mchanganyiko wa sehemu tano kwa moja lazima utoe kama 10.2.

Reale ya kwanza: gramu 27.91 kavu, 2.74 majini. Jibu 10.19. Nilirudia mara tatu kwa sababu lilikuwa zuri mno.

Ya pili: gramu 25.60 kavu, na majini 2.98. Jibu 8.59. Nilidhani uzi umelowa, nikabadilisha uzi. Nikabadilisha maji. Jibu likabaki pale pale. Hiyo ni namba ya shaba ya njano iliyochovywa fedha. Sumaku haikuivuta, lakini sumaku haivuti fedha wala shaba, kwa hiyo sumaku hukukamatia chuma tu. Nilipoigeuza na kuitazama ukingo kwa lenzi, haki na huruma ilikuwa imefifia kama imeandikwa kwenye sabuni, na mapambo yake yameungana. Sijui kwa nini sikuuona ukingo ule mwanzo. Nilikuwa natazama tarehe.

Bei ya ile ya kweli niliikokotoa hivi. Soko la dunia hutangaza fedha kwa wakia ya troi, gramu 31.1. Reale ina robo tatu ya wakia hiyo, chembe tu zaidi. Basi ulizia bei ya wakia siku hiyo, chukua robo tatu, na hapo unajua sonara anakukata kiasi gani kwa kazi yake. Akikukata kidogo, mshukuru. Ana moto wa kulipia. Jambo moja la kuchekesha ni kwamba wakia ya bibi zetu haikuwa hii. Katika mizani ya Zanzibar ya karne ya 19 wakia moja ilikuwa ni uzito wa reale yenyewe, na ratli ilikuwa wakia 16. Sarafu ilikuwa jiwe la kupimia.

Hapo naomba niongeze tahadhari. Ukipata sarafu ya ukubwa huo huo, nyeupe, lakini maandishi yake yote ni ya Kiarabu na ina mwaka 1299, usimwachie sonara aipeleke kwenye chungu. Barghash alipiga riali za fedha za kwake, na ni adimu.

Kaka alizichukua habari hizi vibaya kidogo. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa nyumba?" Nikamwambia labda mlango, na si wa mninga.

Lakini swali la zilifikaje kwetu lilibaki, nami nikapanda basi kwenda Pangani kwa shangazi, dada yake baba, pekee aliyebaki katika kizazi kile. Anakaribia miaka 90, macho yamekwisha, masikio mazima.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hilo kopo? Nasikia linalia."

Nilimwekea reale ya kweli kiganjani. Akapitisha kidole gumba usoni, kisha ukingoni, akazunguka nao mzingo wote taratibu.

"Reale ya Sham hii," akasema. "Ya mama."

Jina hilo nilikuwa nimelikuta kabla, katika kitabu cha lugha ya Kiswahili cha Edward Steere wa Zanzibar, kilichotoka 1870. Ameorodhesha reale za aina aina: reale ya Sham ndiyo hii, reale ya mzinga, ya Hispania, kwa sababu zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake watu wa pwani waliona ni mizinga, na reale ya Fransa. Sham ni nchi za pwani ya Syria, na Wazungu nao waliiita sarafu hii kwa jina la pwani hiyo hiyo. Jina lake la asili, thaler, lilitoka kwenye bonde la Joachimsthal, Bohemia, palipochimbwa fedha, na humo ndimo ilimozaliwa dola ya Marekani. Dola yetu nyingine, ya utawala, ni neno la Kiarabu, hazina udugu.

Pangani ilikuwa lango la misafara. Reale zilishuka hapa kununua pembe za ndovu na, tusifiche, watu. Wapagazi nao walilipwa kwa reale. Baadaye rupia ikatawala, na reale moja ilikwenda kwa rupia mbili na ushei kidogo. Ukigawa gramu za fedha zilizomo, 23.39 kwa 10.69 za rupia, unapata 2.19, kwa hiyo hao waliokuwa wakibadilisha barazani hawakuwa wakibahatisha. Kisha nyingi zikayeyushwa. Shangazi alisema mama yake, bibi yangu, alikuwa na furungu za miguu zilizotengenezwa kwa reale sita, akaziuza moja moja kusomesha watoto. Mbili hizi alibaki nazo.

"Na hii nyingine?" Nikampa ya pili.

Hakuipapasa. Aliipima tu kwa kuirusha kidogo kiganjani, akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji mbovu.

"Hiyo mama alidhulumiwa. Muuza mkufu alimpa, akaondoka kwa jahazi, hakurudi tena. Mama akaona asiitupe, aiweke na nzima wajukuu wasidanganyike."

"Alijuaje? Bibi alikuwa na mizani?"

"Mizani ya nini?" Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Nenda pale kizingitini, lile jiwe la tumbawe. Angusha moja, halafu angusha nyingine."

Niliangusha ya kweli kutoka urefu wa kiuno. Ikalia juu, sauti nyembamba ndefu kama kengele ya baiskeli iliyo mbali, ikaendelea kutetema hata ilipokwisha kulala. Nikaangusha ya pili. Ikasema ko, kama kifuniko cha chungu, ikanyamaza.

Shangazi alikuwa amegeuza sikio. "Ile ya kwanza," akasema, "rudia tena."